Furaha Ngapi Juu ya Ishirini

Kila Ijumaa asubuhi, kabla hatujagusa mpira, mwalimu wetu alitupanga mstari na kumuuliza kila mmoja furaha yake ya wiki hiyo ni ngapi juu ya ishirini. Hakuwa anatania. Alikuwa na daftari lenye jalada la kahawia kwa kazi hiyo tu, na tulimjibu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotaja uzito wao hospitalini.

Tulikuwa tunasomea ualimu wa michezo huku Kamembe, mpakani na Kongo, miaka ile ambayo vita vya kwetu vilikuwa vimekwisha na vya Kongo vilikuwa bado vinaanza na kuisha na kuanza tena. Shuleni kila kitu kilipimwa juu ya ishirini: kuruka juu, kutupa tufe, masomo ya mifupa na misuli, hata usafi wa soksi. Kumi na mbili ilikuwa alama ya kupita. Chini ya hapo umeanguka, na hakuna wa kukubembeleza. Mwalimu, ambaye sote tulimwita Prof, alisema kama tunaweza kupima mruko wa mtu kwa sentimita, haoni sababu ya kuogopa kupima hiki kingine.

Mimi nilijibu kumi na mbili. Ijumaa zote. Kumi na mbili ilikuwa nambari nzuri sana kwangu kwa sababu haikuulizwa maswali. Ukisema tano, Prof anakuita pembeni. Ukisema kumi na nane, wenzako wanataka kujua umependwa na nani. Ukisema kumi na mbili, kalamu inapita.

Mwenzangu wa mazoezi yeye alijibu kumi na tisa, Ijumaa zote, na siku moja Prof alimuuliza kwa nini isiwe ishirini.

"Moja naweka ya kesho, Prof," alisema, na akacheka kabla hajamaliza. Ndivyo alivyokuwa. Kicheko chake kilitangulia maneno.

Ilivyotokea nikafungwa jozi na kijana huyo, ngoja nieleze. Siku ya kwanza ya mwaka wa mwisho Prof alifunga kamba kati ya miti miwili, usawa wa kiuno, akasema, "Rukeni," kisha akakunja mikono, basi. Nusu ya darasa waliikimbilia kamba hapo hapo. Walijikwaa, waliangukiana, wakachubuka magoti, wakaamka wanacheka na kwenda tena. Nusu nyingine tuliisogelea kamba polepole tukaipima kwa paja. Mimi nilirudi nyuma hatua kumi na moja, nikaona hatua ya mwisho inaangukia mguu mbaya, nikaenda kuanza upya na kumi na mbili, nikang'oa jiwe lililokuwa njiani, nikafunga kamba za viatu, nikavuta pumzi. Nilipokuwa tayari kabisa, Prof alikuwa ameshafungua kamba na kuitia mfukoni.

Nilikasirika sana. Nina hasira za karibu, nilikuwa nazo tangu utoto, na nilimwambia mbele ya watu kwamba hakutoa muda. Yeye akafurahi, akaandika kitu. Kuanzia siku ile tulikuwa na majina mawili: watu wa karatasi, sisi tuliopima kwanza, na watu wa magoti, wale waliochubuka. Na kila mtu wa karatasi alifungwa na mtu wa magoti mpaka mtihani wa mwisho, wafanye mazoezi pamoja, waandae masomo pamoja. Prof alisema anataka kuona nani atamwambukiza nani.

Wangu alitoka Gitambi, kwa wakulima wa maharage na muhogo, kijana mrefu mwenye magoti ambayo hayakupata kupona hata wiki moja. Sikumpenda. Kila somo tulilofundisha lilitakiwa liwe na fishi, yaani karatasi ya maandalizi inayosema dakika kwa dakika utafanya nini na watoto, kwa lengo gani. Fishi zangu zilikuwa na safu nne na mistari ya rula. Yeye alipoulizwa yake iko wapi, alisema, "Iko mu miguu."

Siku moja nilimwachia yangu ainakili. Niliporudi nilikuta watoto wa jirani na shule wanacheza kandanda naye, na mpira ni wa majani ya migomba uliofungwa kamba. Nikamuuliza fishi yangu iko wapi. Akaonyesha mpira. Majani peke yake yalikuwa hayashiki umbo, akasema, yalihitaji kitu kigumu kidogo katikati, na karatasi yangu ilikuwa ngumu kuliko zote alizowahi kuona.

Nilikaa siku tatu bila kusema naye. Kwa watu wawili wanaotakiwa kubebana mgongoni kuzunguka kiwanja kila asubuhi, kununiana ni kazi kubwa kuliko kukimbia. Nilikuwa juu ya mgongo wake, nimenuna, napepesuka, naye chini anacheka mpaka mbavu zake zinanitikisa, na siku ya tatu nilishindwa, nikacheka na mimi, tukaanguka wote wawili kwenye mchanga wa kurukia. Ijumaa ile bado nilisema kumi na mbili. Sikutaka apate kiburi.

Sasa mama yangu. Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, huko chini kwenye daraja la Rusizi ya Pili, akivuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, na kurudi na beseni lake. Bukavu ndiko nilikozaliwa. Tulirudi nchini mimi na yeye na godoro moja, na baba alibaki ng'ambo, na mpaka leo hatujui alibaki mahali gani pa ng'ambo. Mama hakuwa mtu wa kulia-lia. Aliimba kwaya, aligombana na watu wa forodha, alijua kumsema mtu mpaka akatafuta njia nyingine ya kupita. Lakini kucheka, hapana. Kicheko alikiacha kule, na mimi nilikuwa nimezoea, kama unavyozoea nyumba isiyo na dirisha upande mmoja.

Niliwahi kumuuliza swali la Prof, jioni moja tunachambua sambaza. "Maman, furaha yako ni ngapi juu ya makumi mbili?"

"Furaha si tomate ya kupanga mafungu," akasema. Akachambua kidogo. "Weye mwanamuke muzima unavaa patalo ya wanaume unaenda masomo ya kuruka-ruka. Batu balikufa, weye uko naruka. Uliza ile Prof wako kama ana akili."

Iliniuma, nasema ukweli. Iliniuma kwa sababu nami nilijiuliza hivyo hivyo kila nilipojisahau na kucheka. Na mama alikuwa ameshatoa hukumu yake: mwaka ule ndio wa mwisho. Nikipata diploma, sawa. Nikianguka, ninajitwika beseni langu na kushuka naye darajani, na habari za kuruka ziishe. Kule Muganza, karibu na kiwanda cha saruji, shule moja ilikuwa inatafuta mwalimu wa michezo. Nilikwenda kuiona. Ilikuwa na kiwanja cha kweli, na magoli ya mabomba ya chuma. Niliyashika yale mabomba kwa mikono miwili. Niliitaka kazi ile mpaka nikaogopa kuitaja.

Kila kitu kilitegemea somo la mtihani. Lilifanyika kwenye kiwanja kilicho juu ya barabara inayoshuka darajani, na watoto arobaini wa darasa la tano, mbele ya Prof na Inspekta aliyetoka mbali. Dakika arobaini kwa kila jozi: ishirini zangu, kisha ishirini za mwenzangu. Sharti moja lilikuwa kali. Mmoja akifundisha, mwingine anasimama pembeni bila kusema. Akitoa neno moja la kusaidia, wote wawili wanakatwa alama.

Fishi yangu ilikuwa na kurasa nne. Niliikunja nikaichomeka kiunoni, chini ya jezi. Nilikuwa na filimbi, na filimbi ilikuwa na sheria: mara moja, kimbieni, mara mbili, simameni, mara tatu, tengenezeni duara. Inspekta alikuja na tai na suruali iliyopigwa pasi mpaka ina makali, na jalada la karatasi kwapani.

Dakika nane za kwanza hazikuwa na kosa. Watoto walikimbia nilipotaka na wakasimama nilipotaka. Inspekta alitikisa kichwa kwa kukubali. Prof naye alikuwa anatazama mawingu. Nikaona mtoto mmoja anapiga mwayo, kisha wa pili, na pembeni mwenzangu wa magoti ananionea huruma waziwazi.

Kwenye dakika ya tisa nilimwona mama. Alikuwa ameapa hatakuja. Sasa alikuwa amesimama chini barabarani, beseni kichwani, akijifanya anapanga vizuri kata yake, na kata ile ilimchukua muda mrefu kuliko kata yoyote duniani. Nikatia filimbi mdomoni. Lori la saruji lilikuwa linapanda kutoka Bugarama, upande wa kiwanda, limelemewa, linanguruma.

Tairi likapasuka. Pwaa.

Hakuna aliyetoa amri. Nilipopata akili nilikuwa nimelala kifudifudi, mikono kichwani, mdomo wazi kama tulivyofundishwa ili masikio yasipasuke. Watoto wote arobaini walikuwa chini, wamelala bapa, viganja juu ya visogo. Prof alikuwa nyuma ya goli. Mwenzangu nusu yake ilikuwa kwenye migomba. Inspekta alikuwa mita mbili kutoka kwangu, tai kwenye matope, jalada lake la karatasi juu ya kichwa. Na kule barabarani mama alikuwa chini pembeni ya beseni lake. Alilitua kwanza, sijui kwa sekunde gani, samaki hata mmoja hakumwagika, kisha akalala na mkono mmoja juu yake. Nimefundisha michezo miaka mingi tangu hapo na sijaona tena kundi likitekeleza zoezi moja kwa usawa namna ile.

Tukasubiri bomu la pili. Sisi wa huku tulijua kwamba moja halisemi kitu, unasubiri la pili. Badala yake ikasikika sauti ya dereva.

"Tairi ya shetani. Nilikuambia ungoje tufike Kamembe."

Wote tuliisikia. Na wote tulibaki palepale, maana sasa ilikuwa aibu. Watu wazima na mtihani wao, wamelazwa na mpira wa lori. Inspekta alinitazama kupitia majani. Mimi nilimtazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuamka.

Nikamtazama mwenzangu. Macho yamemtoka, midomo ameibana, mashavu yamejaa kicheko mpaka nikadhani atapasuka yeye. Alijua la kufanya, nilimwona anajua, na hakuruhusiwa kusema. Fishi yangu ilikuwa chini ya tumbo langu na dakika ya tisa ilisema: kukimbia kwa kupinda-pinda, lengo, wepesi. Kurasa nne, na hakuna mstari hata mmoja wa mahali nilipokuwa.

Karibu nami kulikuwa na kasichana kadogo kuliko wengine. Kalikuwa kanatetemeka mabega. Sikujua kanalia au kanacheka, na nilipoona uso wake nikajua kwamba hata kenyewe hakajui. Kalikuwa kananitazama mimi kwanza ili kaamue.

Sikuhesabu hatua. Niliamka nikapuliza filimbi, ambayo ilikuwa imeingia majani na ikatoa sauti ya bata.

"Vizuri sana," nikasema. "Mmeanguka vizuri. Ila wewe wa nyuma kule, mguu wako ulibaki juu. Zoezi hili ni la kuanguka na kuamka. Amkeni. Tunarudia."

Watoto wakaamka polepole, wananikodolea macho. Nikajaza mashavu hewa.

"Pwaa," nikasema, kwa kinywa changu mwenyewe.

Wakaanguka arobaini. Wakaamka haraka zaidi. Pwaa. Wakaanguka, na safari hii kicheko kimoja kilitoka katikati, kisha cha pili kando yake. Mara ya tatu mvulana mmoja akainua kidole: "Mwalimu, na mimi niwe tairi?" Kwa nini asiwe. Akawa tairi. Wakapanga mstari wa kuwa tairi. Kila mmoja alikuwa na mlio wake, mmoja alitanguliza hewa inayovuja, mwingine aliweka na dereva anayetukana, na kila mara kiwanja kizima kilikwenda chini na mimi pamoja nacho.

Ikafika zamu ya kale kasichana. Kalisimama katikati, kakatugeukia wote, kakavuta pumzi mpaka kakapanda juu ya vidole. Pwaa yake ilishinda zote. Na Inspekta, ambaye alikuwa ndio kwanza amesimama anajipangusa magoti, akaanguka tena, mzima mzima, tai na jalada.

Basi hapo mambo yakaharibika. Prof alikuwa ameshikilia goli ili asidondoke. Mwenzangu alitoka kwenye migomba anagaagaa, anacheka kwa sauti ya kusikika Bukavu, na sharti lilikataza maneno tu, halikusema kitu juu ya kicheko. Dereva alipanda kuja kuona kuna nini, mtoto akampigia pwaa, naye akajitupa chini bila kuuliza. Nilicheka mpaka nikaumwa tumbo. Nilikuwa na furaha, naisema hivyo hivyo, furaha ya kijinga na kubwa, katika siku ambayo maisha yangu yalikuwa mezani.

Kisha nikasikia kicheko kingine, kutoka chini barabarani. Kilikuwa chembamba na mwishoni kilipiga mluzi. Nilichukua muda kukijua. Mama alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, kitambaa kimemtoka kichwani, anapiga ardhi kwa kiganja. Akinyamaza, anatutazama, kinaanza upya. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kicheko cha mama kina mluzi. Filimbi ilinidondoka.

Nilipokumbuka saa, nilikuwa nimefundisha dakika ishirini na sita. Sita nilikuwa nimezila kwenye sahani ya mwenzangu.

Baadaye Inspekta aliniita. Alikuwa na jani la mgomba begani na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Zoezi la dakika ya tisa liko ukurasa wa ngapi?"

"Haliko, Monsieur l'inspecteur."

"Lengo lake lilikuwa nini?"

Nikafikiri kweli. "Kuamka," nikasema.

Akaandika. "Muda ulizidi."

"Ulizidi."

Akaandika tena, kwa muda mrefu, kisha akafunga kalamu na kushusha sauti. "Ile mara ya pili," akasema, "nilijilaza mwenyewe." Akaondoka na jani lake.

Nilipata kumi na mbili. Mwenzangu, kwa dakika kumi na nne na bila karatasi, alipata kumi na sita. Mimi ambaye fishi zangu hazikuwahi kushuka chini ya kumi na saba. Nilikaa nyuma ya darasa nikalia kwa hasira, na yeye akaja akakaa karibu nami, magoti yake yanatoa damu.

"Uko nalia nini? Umepita," akasema. "Kumi na mbili si ndiyo furaha yako ya kila Ijumaa?"

Nikampiga na kurasa zote nne.

Nyumbani nilimkuta mama uani, jua bado kali, anachambua sambaza waliobaki. Nikakaa, nikavuta sahani, nikaanza kuchambua.

"Bamekupa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Juu ya makumi mbili?"

"Juu ya makumi mbili."

"Na njo ya kupita?"

"Ndiyo ya kupita, Maman. Nitaenda Muganza."

Akakata kichwa cha samaki, akakitupa. "Hata kama kunabakia nane hazipatikane?"

"Hata kama. Hawaulizi zile nane."

Tukachambua labda samaki ishirini, labda zaidi. Mikono yake ilikuwa inakwenda, halafu ikasimama.

"Ile swali yenu ya Ijumaa," akasema, hakunitazama. "Andika na yangu. Kumi na mbili."

Nilitaka kusema mambo mengi na yote yalikuwa makubwa mno kwa ua ule mdogo.

"Basi umepita, Maman," nikasema.

Akasema nimpe chumvi.